Kura iko kwenye karatasi, si kwenye kioo

Swali

"Assalam aleikum mtaalamu. Mimi ni mama wa Majengo, Mombasa. Mwanangu wa kwanza yuko Marekani, jimbo la Georgia, na amekwisha pata uraia. Uchaguzi uliopita alipiga kura kwa mara ya kwanza, kwa mashine ya kugusa kama simu. Aniambia jina aliloligusa mwanzo halikuwaka, likawaka la chini yake, akarekebisha. Mwisho ikatoka karatasi, naye akaitia kwenye mashine ya pili bila kuisoma kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Tangu siku hiyo ana wasiwasi, na mimi ameniambukiza. Je, kura yake ilimwendea aliyemtaka? Siku nyingine afanyeje ili awe na hakika? Mkewe bado hana uraia, ana ile kadi ya kijani tu. Aweza kuingia naye amsaidie kuangalia? Na huku kwetu barazani wanasema 2027 tutaletewa mashine hizo hizo. Ni kweli?"

Jibu

Wa aleikum salaam, mama. Shikamoo. Maswali yako ni manne na nitayajibu yote, ila si kwa urefu sawa, maana lile la pili ndilo lililowabeba wenzake.

Kura ya mwanao haiwezi kutafutwa tena. Ile karatasi haikuwa na jina lake wala namba ya kumtambulisha, na ilipomezwa na mashine ya pili, yaani skana, iliangukia ndani ya sanduku lililofungwa ikachanganyika na za wenzake kama punje ya mchele guniani. Imefanywa hivyo makusudi, asije mwajiri, jamaa au mwanasiasa akamwambia mtu, "Nionyeshe ulivyopiga." Siri hiyo inamlinda, na siri hiyo hiyo ndiyo inayomzuia kurudi nyuma. Lakini katika uliyonieleza mna la kumtuliza: kosa aliliona pale pale kwenye kioo, akalirekebisha, kisha ndipo karatasi ikachapwa. Kwa kawaida mashine ile huchapa yale yaliyoko kwenye kioo wakati wa kubonyeza kitufe cha mwisho. Uwezekano mkubwa ni kwamba kura yake ilikwenda alikotaka. Zaidi ya uwezekano siwezi kumpa. Hakika alikuwa nayo mwenyewe mkononi kwa nusu dakika, alipokuwa akitoka kwenye printa kwenda kwenye skana.

Nusu dakika hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze.

Wanaofika vituoni Georgia hupiga kura hivi tangu 2020: karani anahakikisha jina lako, anakupa kadi ya plastiki, unaichomeka kwenye mashine yenye kioo kikubwa, unagusa majina ukurasa baada ya ukurasa, mwisho unaletewa muhtasari wa uliyoyachagua, unaagiza kuchapa, na printa iliyo pembeni inatoa karatasi. Karatasi hiyo ina mraba wa vidoadoa, ule wa QR, na pamoja nao maneno ya kawaida: kila kiti kinachogombewa na jina ulilolichagua. Pale ulipoacha bila kuchagua, panaandikwa kwamba pameachwa wazi. Unaibeba mwenyewe hadi kwenye skana.

Watu wengi hudhani kile kioo kinahesabu kura. Hakihesabu kitu. Wewe ni mtu mzima, mama, utawakumbuka wale waandishi waliokuwa wakikaa na taipureta nje ya posta na mahakama, unamweleza mambo yako naye anapiga barua. Kioo ni mwandishi wa namna hiyo. Unamwambia, anaandika. Na hakuna mtu mwenye akili aliyekuwa akitia barua ile kwenye bahasha kabla ya kusomewa, maana kitakachofika kwa hakimu ni kilichoandikwa, wala si kilichosemwa. Kura ni kilichochapwa kwenye karatasi.

Mraba wa QR hakuna jicho la binadamu linaloweza kuusoma, na 2024 bunge la Georgia lilipitisha sheria ya kutaka usitumike tena kuhesabia kura. Lakini uwepo au uondolewe, maneno ndiyo sehemu ya mwanao. Novemba 2020, tofauti ya kura za urais ilipokuwa ndogo sana katika jimbo hilo, karatasi kama milioni 5 zilihesabiwa upya kwa mkono, na waliohesabu walisoma maneno. Mshindi alibaki yule yule. Karatasi ya kila mtu ilipita mbele ya macho ya watu siku zile, na iliyokuwa na jina lisilo lake ilihesabiwa hivyo hivyo ilivyo, kwa uaminifu kabisa.

Sasa, kwa nini jina la chini liwake badala ya lililoguswa? Jambo hili huwatia watu hofu kuliko yote, na aghalabu sababu yake ni ya kawaida mno. Kioo cha kugusa kina tabaka mbili za mambo: picha unayoiona, na ramani isiyoonekana inayojua kidole kimetua wapi. Viwili hivyo vikiachana hata kwa upana wa nusu kidole, utagusa hapa kuwake pale. Mashine za zamani zilisumbua sana kwa hili, zikihitaji kusawazishwa upya kila mara zinaposafirishwa. Kisha kuna urefu wa mtu. Aliyesimama wima akiangalia kioo kutoka juu na aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu hawaoni mstari wa jina mahali pamoja. Kuna kucha ndefu, kuna kiganja kinachoegemea ukingoni mwa kioo kikahesabiwa kuwa ni kidole cha pili, kuna mkono wa kanzu au wa buibui unaogusa kabla ya kidole. Na jasho. Sisi wa pwani hili hatuhitaji kusomeshwa; msimu wa kaskazi nani hajahangaika na simu yake feri ya Likoni, kidole kimelowa na kioo hakisikii?

Haraka nayo ina sehemu yake. Texas, uchaguzi wa 2018, wapiga kura waliotaka kuchagua chama kizima kwa mguso mmoja waliona jina la mgombea wa seneti likibadilika au kufutika kwenye muhtasari. Mashine zile hazikuwa za kugusa, zilikuwa na gurudumu la kuzungusha na vitufe, lakini somo lake linatuhusu: maofisa wa jimbo walieleza kwamba watu walikuwa wakibonyeza kabla ukurasa haujamaliza kujitokeza, na mbonyezo ukahesabiwa kuwa chaguo jingine.

Mtego mwingine haujulikani sana. Katika mashine nyingi, ukishachagua jina na nafasi ni moja, kugusa jina la pili hakubadilishi kitu. Yakubidi kwanza uguse lile la mwanzo litoke, kisha uguse unalolitaka. Mtu asiyejua hugusa la pili mara tatu, huona limekataa, hudhani mashine imeegemea upande. Na mguso wa pili juu ya jina lile lile, kwa mkono unaotetemeka kidogo, unaweza kulifuta bila mwenyewe kutambua.

Kosa baya kuliko yote, kwa maoni yangu, ni lile la ukurasa uliopangwa vibaya. Kaunti ya Sarasota, Florida, Novemba 2006, kiti kimoja cha Bunge la Marekani kiliamuliwa kwa kura 369. Katika kaunti hiyo peke yake, mashine za kugusa zilitoa kura kama 18,000 zisizo na chaguo lolote katika kiti hicho. Watu elfu kumi na nane waliofika kituoni, wakapiga kura za viti vingine, na hapo hapana kitu. Waliopiga kwa karatasi na kutuma kwa posta hawakuruka kwa kiasi kama hicho hata kidogo. Wachunguzi wengi waliishia kwenye mpangilio: kiti hicho kiliwekwa juu ya ukurasa, na chini yake, ukurasa huo huo, likawekwa shindano la ugavana lenye majina mengi na kichwa cha rangi. Jicho liliruka moja kwa moja kwenye rangi. Muhtasari wa mwisho ulikuwepo, na ulionyesha kwamba hapo hapajachaguliwa kitu. Maelfu wakaupita. Na kwa kuwa mashine hazikuwa zikitoa karatasi, hapakubaki cha kurudi kukiangalia. Mwaka uliofuata Florida ilipitisha sheria ya kurudi kwenye kura za karatasi.

Nimetaja kisa hicho kwa kirefu kwa sababu kinatupeleka kwenye jambo ambalo mwanao anapaswa kulijua juu yake mwenyewe. Macho yetu hayasomi kile kilichopo. Husoma kile tunachokitarajia. Mwaka 2007 mtafiti Sarah Everett wa Chuo Kikuu cha Rice aliweka mashine za majaribio zilizobadilisha kwa siri majina kwenye ukurasa wa muhtasari. Zaidi ya asilimia 60 ya waliojaribiwa hawakuona. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wakafanya uchaguzi wa mfano na watu 241, kila karatasi iliyochapwa ikiwa na kosa moja la makusudi. Asilimia 40 tu ndio waliochukua muda wa kuiangalia karatasi. Waliomwambia msimamizi kwamba pana kosa, bila kukumbushwa na mtu, walikuwa asilimia 6.6.

Hao si watu wajinga. Ni sisi. Fikiria M-Pesa, mama. Unaandika namba, kabla pesa hazijatoka simu inakuletea jina la mpokeaji ulihakikishe. Jina liko pale, kwa herufi kubwa, na kila siku pana mtu Mombasa hii anayetuma pesa za kodi ya nyumba kwa mtu asiyemjua. Ameliona jina? Ameliona. Kidole kilikuwa kimekwisha kuelekea "Tuma". Tofauti ni kwamba pesa zina njia ya kuombwa zirudishwe. Kura iliyokwisha ingia skana haina.

Utafiti ule wa Michigan ulipata pia la faraja, na ushauri wangu wote nimeujenga juu yake. Watu walipokuja na orodha iliyoandikwa ya wale wanaowataka, wakaambiwa waisome karatasi wakiilinganisha na orodha, waliogundua kosa waliongezeka sana. Ukisoma karatasi kwa kukumbuka, akili inakujazia. Ukisoma huku kidole cha mkono mmoja kiko kwenye orodha na cha mkono wa pili kiko kwenye karatasi, akili haina nafasi ya kujaza. Majina mawili ama yanafanana ama hayafanani.

Kwa hiyo kazi ya mwanao inaanza nyumbani, siku kadhaa kabla. Tovuti ya jimbo humwonyesha kila mpiga kura mfano wa karatasi yake mwenyewe, kwa mujibu wa anapoishi. Auangalie kwa utulivu. Sisi huku tuna viti sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi. Karatasi ya kule yaweza kuwa na rais, seneti, bunge la taifa, mabaraza mawili ya jimbo, majaji, sherifu, bodi ya shule, kisha maswali ya kurekebisha katiba ya jimbo ambayo hata wakili huyasoma mara mbili. Hayo maswali ndiyo ya kuogopa. Swali refu lenye lugha ya kisheria, na jibu ni ndiyo au hapana; mtu akiliona kwa mara ya kwanza mbele ya foleni, anagusa chochote. Basi aandike kwenye kipande cha karatasi, kwa mkono wake, kila kiti na jina, kila swali na namba yake na "ndiyo" au "hapana", kwa utaratibu ule ule wa mfano. Kama pana kiti anachotaka kukiacha, aandike "naacha", ili baadaye asipate shaka kama aliruka kwa kusudi au kwa kusahau.

Iwe ni karatasi, isiwe simu. Georgia imekataza kupiga picha ya kioo au ya kura yako, na simu mkononi ndani ya kituo itamletea maneno asiyoyahitaji. Orodha ya mkono anaruhusiwa kuingia nayo, mradi haionyeshi kwa wengine wala haiachi mezani.

Akifika kwenye kioo, asimame katikati, mbele yake barabara, asubiri ukurasa utulie, aguse katikati ya kisanduku cha jina kwa ncha ya kidole kimoja, mkono wa pili ukae mbali. Kidole kikavu. Aangalie kilichowaka kabla ya kusonga. Likiwaka lisilo lake, aliguse litoke, arudie. Likirudia kosa mara ya pili, asishindane na mashine: ainue mkono, amwite msimamizi, aombe kuhamishiwa mashine nyingine. Hili hasa ndilo ningependa alifanye safari iliyopita. Alirekebisha yake akaenda zake, na aliyemfuata kwenye mashine ile ile huenda hakuona. Msimamizi akiambiwa na watu wawili watatu kuhusu mashine moja, anaweza kuiondoa. Asipoambiwa, hana njia ya kujua, kwa kuwa siri ya kura inamkataza kuchungulia.

Kisha karatasi. Ikitoka, asiondoke pale penye faragha. Atoe orodha, asome kutoka juu hadi chini, mstari kwa mstari, jina kwa jina, na asisahau kuhesabu: kama orodha ina mistari 22 na karatasi ina 21, pana kilichopotea. Dakika moja inatosha, hata mbili. Foleni itasubiri. Nasema hivi nikijua jinsi ilivyo vigumu kwa mtu mwenye haya, mgeni katika nchi, ambaye nyuma yake pana watu 40 wanaotazama saa. Lakini wale 40 nao wamekuja kwa ajili ya dakika hiyo hiyo.

Akikuta kosa, asiitie kwenye skana hata kidogo, na asijaribu kulifuta kwa kalamu. Amwendee msimamizi na kusema kwamba karatasi hii sivyo alivyochagua, anataka kuanza upya. Hana haja ya kusema alimchagua nani. Karatasi ile itaandikwa kuwa imeharibika, itawekwa kando, naye atapewa kadi nyingine. Si kuombewa fadhila huko. Sheria ya Marekani ya 2002 kuhusu kusaidia upigaji kura, iliyotungwa baada ya fujo la kuhesabu kura za urais Florida mwaka 2000, inataka mpiga kura apate nafasi ya kuihakiki kura yake kwa siri na kuisahihisha kabla haijapokewa.

Na sheria zetu zina mlango kama huo. Nimewahi kusimamia kituo Kisauni, darasa la shule ya msingi, na mzee mmoja alitoka kibandani na karatasi imekunjwa mkononi, akasimama mbele yangu kama mtoto aliyevunja kikombe. Alikuwa ametia alama kwa asiyemtaka. Alidhani ameikosa kura. Karatasi ilikuwa haijaingia sandukuni, kwa hiyo nikaiandika kuwa imeharibika, nikampa nyingine. Alipotoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Kabla ya sanduku kuna njia. Nilitamani wote waliokuwa foleni walijue hilo, kwa sababu wangapi waliona kosa siku ile wakanyamaza na kulitumbukiza?

Mwanao anaweza kukuuliza: je, si kazi ya tume kuhakikisha mashine ziko sawa? Ni kazi yao. Hupimwa kabla ya uchaguzi, na baadaye baadhi ya karatasi huhesabiwa kwa mkono kulinganisha na matokeo. Lakini ukifuata mnyororo wote hadi mwisho, utakuta umefungwa kwa mpiga kura. Ukaguzi wa baadaye huuliza kama karatasi zilihesabiwa vizuri. Hauwezi kuuliza kama karatasi inasema alichotaka mwenyewe, kwa sababu mwenyewe hayupo tena na hakuna aliyejua nia yake isipokuwa yeye. Profesa J. Alex Halderman, mmoja wa watafiti wale wa Michigan, ameonyesha mahakamani jinsi mashine za aina ile ya Georgia zinavyoweza kuchezewa na mtu aliyezifikia kwa mkono. Shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia usalama wa mitandao lilikubali Juni 2022 kwamba udhaifu huo upo, na likasema halina ushahidi kwamba umewahi kutumiwa katika uchaguzi wowote. Mimi nayachukua yote mawili kwa uzito. Awe ni mhalifu au ni fundi aliyechoka, kosa lililochapwa kwenye karatasi linaweza kukamatwa mahali pamoja tu.

Na limewahi kukamatwa. Kaunti ya Northampton, Pennsylvania, Novemba 2023, wapiga kura waliulizwa kama majaji wawili wa mahakama ya rufani ya jimbo waendelee na kazi, ndiyo au hapana kwa kila mmoja. Asubuhi ile ile watu waliosoma karatasi yao wakaona majibu yamebadilishana: aliyesema ndiyo kwa wa kwanza na hapana kwa wa pili, karatasi ilisema kinyume. Aliyejibu sawa kwa wote wawili hakuona kitu, kwani kubadilishana kwake hakuonekani. Kosa lilikuwa la binadamu, lililofanywa wakati programu ikiandaliwa, na lilipita vipimo vyote vya kabla ya uchaguzi. Walioligundua ni raia wa kawaida, wenye macho na dakika moja. Katika kaunti hiyo hiyo, 2019, mashine zilikuwa zimempa mgombea mmoja wa ujaji kura 164 katika uchaguzi wa watu kama 55,000. Karatasi zilipohesabiwa ikaonekana ameshinda.

Ndiyo maana sehemu ambazo mashine hazitoi karatasi siwezi kuzisifu, hata zikiwa na kioo kizuri namna gani. Louisiana hadi uchaguzi wa 2024 walikuwa bado nazo. Kama mwanao atahamia huko, ukurasa wa muhtasari ndio hakikisho lake la pekee, na orodha yake aitumie hapo kwa makini maradufu. Bara letu limeyapitia haya. Namibia ilipiga kura kwa mashine za vitufe kutoka India mwaka 2014, bila karatasi, na Februari 2020 Mahakama yao ya Juu ikasema kuzitumia bila karatasi ni kinyume cha katiba. Ujerumani majaji wa katiba walikwisha sema hivyo 2009: raia asiye na utaalamu wowote lazima aweze kuhakiki hatua muhimu za uchaguzi. Jirani zetu wa Kongo, Desemba 2018, walipewa mashine za kugusa zinazochapa karatasi, mpiga kura akiikunja na kuitia sandukuni mwenyewe. Wapinzani waliziita kwa Kifaransa mashine za kuiba. Lakini yule mama wa Bukavu aliyeisoma karatasi yake kabla ya kuikunja alikuwa na kitu ambacho mpiga kura wa Namibia hakuwa nacho.

Sasa huku kwetu. Barazani wamechanganya vitu viwili. Kile kifaa cha KIEMS unachowekea kidole kituoni, kilichoanza kutumika 2017, si mashine ya kupigia kura. Kinakutambua wewe, na baadaye kinapeleka picha ya fomu ya matokeo. Sheria yetu ya uchaguzi inaiagiza tume itumie teknolojia kuandikisha wapiga kura, kuwatambua, na kupeleka matokeo. Kura yenyewe ni karatasi sita na alama ya mkono wako, na ndivyo sheria ilivyo kwa uchaguzi wa 10 Agosti 2027. Lakini karatasi nayo hukosea, mama, na Mombasa tunalijua hilo kuliko wengi. Agosti 2022 kura ya gavana wetu, pamoja na ya Kakamega, iliahirishwa siku moja kabla kwa sababu picha na maelezo ya wagombea kwenye karatasi hayakuwa yao, tukapiga tarehe 29 Agosti badala ya tarehe 9. Kosa lilionwa kabla ya kura kupigwa. Zingegawiwa zile, ungetia alama mbele ya sura usiyoijua. Basi na wewe, ukipewa karatasi zako sita, zifungue uziangalie kabla ya kuingia kibandani: kaunti ni Mombasa, eneo bunge ni lako, wadi ni yako, muhuri upo. Na ukishatia alama, angalia tena kabla ya kukunja.

Limebaki la mkwe wako. Asiguse mashine, na asijiandikishe hata akiombwa na mtu mwenye fulana ya chama na tabasamu zuri. Asiye raia kupiga kura katika uchaguzi wa kitaifa kule ni kosa la jinai, na linaweza kumwondoa nchini hata kama alidhani anaruhusiwa. Kuingia kibandani kumsaidia mumewe pia hakuna haja: msaada huo umewekewa wasioona, wenye ulemavu au wasioweza kusoma, na mwanao anasoma vizuri. Mahali pake ni mezani nyumbani, usiku wa kuamkia uchaguzi. Mume ashike mfano wa karatasi, yeye ashike orodha ya mkono, asome kiti na jina kwa sauti, mume amjibu "ndiyo hilo" au "hapana, badilisha". Wakimaliza waikunje orodha, waitie kwenye mfuko wa shati atakalolivaa asubuhi.